Takataka za mifereji ya Bukavu, umeme wa Ruzizi na mazoea ya nyumbani kwetu

Mwanzisha mada

Wapendwa wana-Bukavu, nanyi ndugu wa Goma, Uvira na Lubumbashi mnaosoma, nawasalimu. Katika mijadala yetu ya mazingira tumezoea kupeana ushauri uliotungwa kwa ajili ya miji ya mbali: punguza safari za ndege, nunua gari la umeme, shusha joto la mashine ya kupasha nyumba. Ushauri huo una maana yake huko ulikotoka, lakini mama wa mtaa wa Cimpunda anayepika kwa makala (mkaa) na kuchota maji kwa bidoni hana pa kuutumia. Ninaanzisha uzi huu ili tujadili ni mazoea gani madogo ya kila siku yanayobadilisha kitu kweli katika mji wetu wa vilima, na kwa njia gani. Msimamo wangu nautoa mapema: zoea la kwanza, linalopaswa kutangulia mengine yote, ni kuhakikisha kwamba hakuna sasheti (mfuko mwepesi wa plastiki) wala chupa ya plastiki inayotoka kiwanjani kwetu kuelekea mfereji.

Sababu iko katika umbo la nchi yetu yenyewe. Uso wa ziwa Kivu uko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mitaa yetu mingi imepanda juu yake kwenye miteremko mikali. Kitu chochote chepesi kinachoachwa njiani Kadutu au Nyamugo hukaa pale hadi mvua inyeshe, na kwetu mvua hunyesha tangu Septemba hadi Mei. Hapo mfereji hukibeba mpaka mto Kawa au mto Wesha, na mito hiyo hukifikisha ziwani. Ziwa nalo lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, yaani mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa Bukavu na kuteremka hadi ziwa Tanganyika. Kilomita chache baada ya mlango huo kuna bwawa la Ruzizi ya kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, lenye uwezo wa karibu megawati 30. Chini yake kuna Ruzizi ya pili, iliyoanza kazi mwaka 1989, ambayo umeme wake hugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo takataka inayoelea kusini mwa ziwa haihitaji kutafuta njia, kwa sababu mkondo unaielekeza moja kwa moja kwenye mashine zinazotupatia mwanga.

Naomba tukae kidogo juu ya kile kinachotokea pale bwawani, maana wengi wetu tunafikiri kwamba plastiki yote huelea na kwamba kuiondoa ni kazi ya kuikusanya juu ya maji tu. Chupa iliyofungwa kifuniko huelea kwa sababu ya hewa iliyomo ndani, nayo huzuiliwa na maboya na kutolewa na wafanyakazi au kwa mashine ya kuchotea. Chupa isiyo na kifuniko hujaa maji na kuzama, kwa kuwa plastiki yake ni nzito kuliko maji. Sasheti ni adui mgumu zaidi. Plastiki yake ni nyepesi kuliko maji, lakini ikishajaa matope hutembea katikati ya maji, haionekani juu wala haikai chini, mpaka ivutwe kwenye vyuma vya kichujio vilivyosimamishwa mbele ya mlango wa mashine. Huko hujibandika, nyingine ikaja juu yake, na maji yakakosa pa kupita. Ndiyo maana inabidi wapiga mbizi washuke katika maji hayo machafu kuzing'oa kwa mikono, na ndiyo maana mashine hulazimika kusimamishwa, au wakati mwingine huharibika. Siku hiyo umeme wa Bukavu hupungua, nasi tunauliza kulikoni.

Umeme ukikatika, nyumba iliyokuwa ikipika kwa resho (jiko la umeme) hurudi kwenye mbabula (jiko la makala), na mahitaji ya makala huongezeka. Makala yanatoka kwenye miti, na sehemu ya miti hiyo inakatwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega na pembezoni mwake. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975 hadi kilomita za mraba zipatazo 6,000. UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 1980, kisha mwaka 1997 ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Msituni humo ndimo wanamoishi gorila (sokwe wakubwa) wa nyanda za mashariki, wasiopatikana penginepo duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo. Simlaumu mchoma makala maskini, na siwasahau Batwa, wenyeji wa asili wa msitu, walioondolewa katika msitu huo wakati hifadhi ilipokuwa ikiundwa. Ninachosema ni kwamba sasheti iliyotupwa Kadutu na mti uliokatwa mlimani vina uhusiano, na uhusiano huo unapitia nyumbani kwetu.

Basi, kwa vitendo. Kitunga (kikapu) kirudi mkononi kila tunapokwenda sokoni, na ndani yake kiwemo chombo chenye kifuniko kwa vitu vyenye maji, chupa ya mafuta ya mawese, na kimfuko cha kitambaa cha unga au maharagi. Watu wazima wanajua kwamba mama zetu walinunua hivyo kabla sasheti hazijaenea. Chupa za plastiki zisitupwe: zifungwe vifuniko, zioshwe, wapewe wauzaji wa mafuta, asali na kasiksi (pombe ya ndizi), ambao huzitafuta. Ila chupa iliyowahi kutiwa petroli isirudi kamwe kwenye chakula. Na nyumbani tuweke vyombo viwili vya takataka, kimoja cha vitu vinavyooza na kimoja cha visivyooza. Hili la mwisho naliona kuwa ndilo kubwa, kwa sababu sehemu kubwa ya takataka za jikoni kwetu ni maganda ya ndizi, ya viazi na ya mihogo, vikonyo vya sombe (majani ya mihogo) na majivu. Peke yake, takataka hiyo ni mbolea ya lenga-lenga (mchicha) na migomba. Ikichanganywa na sasheti haifai tena kwa lolote, mkulima haitaki, na mwisho wake ni mfereji.

Mchangiaji, muuzaji wa sambaza (samaki wadogo wa ziwani), Nyawera

Mwanangu, umesema vema, lakini nami nieleze upande wangu. Sambaza mbichi zinatiririka maji. Mteja anatoka kazini jioni, hana kitunga, hana bakuli, anataka kupima rundo moja na kwenda zake. Nikimwambia sina sasheti, atahamia kwa jirani yangu ambaye anazo. Nimfungie nini, na nani atanilipia hasara hiyo?

Mwanzisha mada

Shikamoo Mama. Swali lako ndilo gumu kuliko yote katika uzi huu, na sitaki kulijibu kwa maneno mepesi. Sheria ipo: amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza na kutumia mifuko na vifuko vya plastiki katika nchi nzima. Hata hivyo sasheti zinauzwa mchana kweupe, na kumwachia muuzaji mmoja azikatae peke yake ni kumfilisi. Majirani zetu wa Rwanda walizikataza tangu mwaka 2008, na yeyote anayevuka mpaka kwenda Kamembe anajua kwamba sasheti yake haitavuka naye. Kule katazo lilifaulu kwa sababu kila muuzaji alibanwa siku moja na mwenzake.

Ninachoweza kupendekeza ni kwamba akina mama wa sehemu moja ya soko, wanaouza bidhaa moja, wakubaliane pamoja. Kwa sambaza kavu, majani ya migomba yaliyopitishwa juu ya moto yanakunjika bila kupasuka, na yanatosha kabisa. Kwa zile mbichi, ukiwa na wateja wa kila siku, bakuli lao linaweza kubaki kwako tangu asubuhi, nao wakalichukua jioni likiwa limejaa. Na yule ajaye na chombo chake, mwongezee kidogo juu ya rundo. Nyongeza hiyo itakugharimu sambaza chache, lakini bei ya sasheti umeiokoa, na mteja atakumbuka ni kwa nani alipata.

Mchangiaji, Muhumba

Mimi naona uzi huu unamtwika raia mzigo wa dola. Mji huu uliundwa na wakoloni kwa ajili ya watu wachache, leo umejaa hadi kwenye makorongo, na mitaa mingi haina hata njia ambayo lori la takataka lingepita. Hakuna majalala ya kutosha, kodi tunalipa, kisha tunaambiwa tubebe vitunga. Nikitenganisha takataka zangu vizuri namna hiyo, kile chombo cha plastiki nitakimwaga wapi?

Mwanzisha mada

Ndugu yangu, katika hoja zako zote sipingi hata moja. Bila majalala, bila magari ya kubebea takataka na bila wafanyakazi wanaolipwa, hakuna zoea la nyumbani litakaloumaliza uchafu wa mji wenye wakazi wengi kiasi hiki, na kudai huduma hizo ni haki yetu na wajibu wetu. Ninachokataa ni kungoja. Mvua ya Septemba haitaahirishwa mpaka lori linunuliwe.

Kuhusu pa kuiweka plastiki, shida yake ni ukubwa zaidi kuliko uzito, maana sasheti za mwezi mzima hazina uzito wa maana lakini zinajaza gunia. Njia iliyo mikononi mwetu ni kuzisuuza, kuzianika hadi zikauke, kisha kuzishindilia kwa kijiti ndani ya chupa moja ya plastiki mpaka iwe ngumu kama tofali. Chupa moja inameza sasheti nyingi kuliko mtu anavyodhani. Wapo wanaozipanga na kuzifunga pamoja ili kutengeneza viti vya watoto, au kuzizika nusu kuzunguka bustani. Naongeza tahadhari: chupa hizo zisiachwe juani miaka na miaka, kwa sababu jua huidhoofisha plastiki mpaka ikavunjika vipande vidogo, na vipande hivyo haviokoteki tena. Nachukulia njia hii kama ghala la muda, siyo dawa. Lakini plastiki iliyo ghalani haiko Ruzizi, na itakapofika siku ya kuipeleka kwa wanaoiyeyusha au kuisuka, itakuwa safi na tayari. Hapa Bukavu tayari kuna watu wanaotengeneza vikapu, viti na vyungu vya maua kwa plastiki iliyookotwa ziwani, na kinachowachosha zaidi ni uchafu uliogandamana nayo.

Mchangiaji, mwanafunzi, Bagira

Kaka, naomba urudi kwenye makala. Kwetu umeme ni wa saa chache, kwa hiyo mbabula haizimiki. Umesema plastiki inatangulia, lakini bajeti ya nyumbani kwetu inamalizwa na gunia la makala. Kuna zoea gani hapo linaloonekana?

Mwanzisha mada

Mdogo wangu, yapo, na hapa nitarefusha kidogo kwa sababu faida yake inaonekana mfukoni kabla ya kuonekana msituni.

Tuanze na maharagi, ambayo ndiyo yanayokula makala kuliko chakula kingine nyumbani. Kwa mwinuko wa Bukavu, maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, siyo 100 kama pwani, kwa hiyo chakula kigumu huchelewa zaidi kuiva kwetu hata moto ukiwa mkali namna gani. Kuongeza makala baada ya sufuria kuchemka hakuongezi joto la maji, kunayakausha tu. Kinachosaidia ni kuyaloweka maharagi tangu jioni, kuyamwaga maji hayo asubuhi, kuyapika kwa maji mapya, kufunika sufuria wakati wote, na kupunguza makala mara yanapoanza kutokota. Mfuniko pekee, hata kama ni sahani iliyopinduliwa, unazuia mvuke usiondoke na joto lote.

Zoea la pili linahitaji kitunga kikubwa na matambara. Chakula kikishachemka kwa nguvu kwa muda wa kutosha, sufuria hufunikwa vizuri, huwekwa ndani ya kitunga kilichojazwa vitambaa, nguo kuukuu au majani makavu ya mgomba, kisha hufunikwa juu kwa mto au blanketi zito. Joto lililomo hutoka polepole sana, na upishi unaendelea saa kadhaa bila kaa hata moja. Wali na viazi hufanikiwa vizuri sana. Kwa maharagi mekundu lazima yachemke kwanza sawasawa, dakika 10 kamili au zaidi, kwa kuwa mabichi yana sumu inayoumiza tumbo na ambayo joto dogo haliiondoi, na kabla ya kula yarudishwe motoni yachemke tena.

La tatu ni la kuwashia. Katika nyumba nyingi mbabula huwashwa kwa kuchoma sasheti, na hili naomba kwa moyo wote tuliache. Moshi ule mweusi una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mama aliyeinama juu ya mbabula na mtoto aliye mgongoni mwake. Magunzi makavu ya mahindi, vijiti, maganda makavu ya migomba na karatasi kidogo vinawasha vizuri, mradi vihifadhiwe pakavu wakati wa mvua. Na makala yanayobaki baada ya kupika yazimwe kwa kufunikwa katika chungu au bati, yasiachwe yafe yenyewe, maana kesho yanawaka tena.

Mbabula iliyobandikwa udongo wa mfinyanzi ndani hupoteza joto dogo kuliko ile ya bati tupu, kwa hiyo ukibahatika kuipata, inunue. Ukitaka kujua kwa nini kila kilo ina uzito, fikiri kwamba katika tanuri za udongo za kienyeji kilo moja ya makala hutokana na kilo tano hadi kumi za kuni; kila unachookoa jikoni kinazidishwa mara hizo kule mlimani.

Mchangiaji, Goma

Nawapongeza watu wa Bukavu. Kwetu Goma hatuna mito ya kubeba takataka, maji ya mvua yanazama katika mawe ya volkano. Je, ushauri huu unatuhusu?

Mwanzisha mada

Unawahusu, dada yangu, ila kwa mpangilio mwingine. Sehemu za mji wenu zimejengwa juu ya lava, ikiwemo ile ya Januari 2002, na juu ya mwamba huo udongo ni haba. Kwenu ningetanguliza takataka inayooza: kila ganda linalogeuzwa mboji ni udongo mnaoutengeneza wenyewe, na lenga-lenga huota vizuri ndani ya gunia lililojazwa mboji hata kwenye kiwanja cha mawe matupu. Kuzika plastiki hamwezi kwa sababu ya mwamba, na kuitumbukiza katika nyufa za lava si kuiondoa, kwa kuwa maji yenu hupita humo humo. Makala yenu nayo hutoka kwa kiasi kikubwa katika hifadhi ya Virunga, ambayo kila mtoto wa Goma angepaswa kufundishwa kwamba iliundwa mwaka 1925, ya kwanza barani Afrika. Yote niliyomjibu mwanafunzi wa Bagira ni yenu pia.

Mchangiaji, chef wa avenyu (kiongozi wa barabara ya mtaa), Kadutu

Nimesoma mpaka mwisho. Tunafanya salongo (kazi ya pamoja ya usafi), vijana wanatoka, mfereji unasafishwa, na baada ya mvua mbili unajaa upya. Watu wamevunjika moyo. Utushauri nini sisi tunaoongoza kazi hiyo?

Mwanzisha mada

Mzee wetu, asante kwa kujitokeza. Nimeangalia salongo za mitaa kadhaa, na kasoro moja hujirudia: matope na takataka zinazotolewa mferejini huachwa kwenye ukingo wa mfereji ule ule. Mvua ya kwanza inazirudisha ndani, na kazi ya asubuhi nzima inapotea. Ningeomba kazi hiyo igawanywe tofauti. Vijana wachache wachimbe, wengi wabebe. Plastiki iokotwe kwanza, kabla matope hayajachotwa, iwekwe kwenye magunia na kufungwa. Matope yapelekwe mbali na mteremko, au yapewe wenye migomba baada ya kuchambuliwa.

Pili, badala ya kutegemea siku ya salongo peke yake, kila nyumba ipewe kipande cha mfereji kilicho mbele ya ua wake, na pale mfereji unapotoka mtaani kusimikwe wavu wa chuma au fito zilizosukwa, zinazozuia chupa na sasheti lakini zinapitisha maji. Wavu huo lazima usafishwe baada ya kila mvua kubwa, kwa zamu inayojulikana, la sivyo utaziba na kufurisha maji kwenye nyumba za jirani; mtaa usio na watu wa zamu ni heri usiuweke. Wakati wa kuanza ni kiangazi, Julai na Agosti, mfereji ukiwa mkavu na plastiki ikionekana yote kwa macho. Ukikubali, nitakuja mwenyewe na magunia, na ningependa tuanzie sehemu ya juu kabisa ya avenyu, kwa sababu tukianzia chini tutakuwa tunawasafishia walio juu.